Shoka na Chungio: Historia ya Kukatwa kwa Rezo Yetu, na Wale Wanaopitisha Ujumbe wa Wengine



Kila mara siku za uchaguzi zinakaribia, swali moja linarudi mu Kampemba, kutoka Bel-Air mpaka Kigoma: "Wakikata tena, tutafanya namna gani?" Hakukosi kijana mwenye kujibu kwa neno moja: Tor. Mwingine anaongeza: kila mtu aweke rele mu nyumba yake, njo hakuna mtu atatufunga tena. Leo naleta historia ya ile kitu, juu nusu ya lile jibu ni kweli, na nusu ingine inaweza kuumiza mtu.

Tuanzie ku kitu ambacho wazazi wetu wanajua: foni. Wakati wa Zaire, posta ilikuwa imelala na simu ya waya ilikuwa ya watu wachache. Mfanyabiashara wa Lubumbashi mwenye kutaka kuongea na Kinshasa ao Kalemie alienda ku nyumba yenye kuwa na foni. Kule alikaa mtu mmoja mbele ya redio, akachukua ujumbe wako, akausema kwa sauti. Hata franga zilipita vile: unalipa huku, jina lako na kiasi vinasomwa mu hewa, ndugu yako anapokea kule. Foni ilitusaidia sana, lakini haikuwa na siri. Yule wa redio alijua nani anatuma, nani anapokea na nini inasemwa. Na kila mwenye redio ku ile frekansi alisikia yote.

Shida ya foni njo shida ya kila rezo: mwenye kupitisha ujumbe anajua mengi kuliko inavyofaa. Intaneti ya leo haiko tofauti sana. Hata kama maneno yenyewe yamefungwa kwa kufuli, kampuni inayokuuzia mega inaona unaenda ku mlango gani, saa ngapi, na unakaa kule muda gani. Na kadi yako ya SIM imeandikishwa kwa jina lako.

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti watatu wa maabara ya jeshi la maji la Marekani, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, walitafuta njia ya kupitisha ujumbe ambayo hakuna mpitishaji mmoja anayejua kila kitu. Walichotengeneza kinaeleweka vizuri kwa mfano wa treni yetu ya SNCC. Unaandika barua, unaiweka mu bahasha tatu, moja ndani ya ingine. Bahasha ya inje inafunguliwa na mtu wa Likasi. Anakuta ndani neno moja tu: "peleka Kamina". Mtu wa Kamina anafungua ya pili: "peleka Mwene-Ditu". Wa Mwene-Ditu anafungua ya tatu, na anapeleka barua ku mlango wa mwenyewe. Wa Likasi anajua nani alituma lakini hajui inaenda wapi. Wa Mwene-Ditu anajua inaenda wapi lakini hajui nani alituma. Wa Kamina hajui ile wala hii. Juu ya zile tabaka, waliita mpango wao kwa jina la kitunguu, na jina Tor limetoka ku kitunguu kile kile. Wale watu watatu wa njiani njo tunaita rele.

Sasa, juu ya nini jeshi liliachia dunia yote ile kitu? Jibu ni rahisi na linafaa kukumbukwa. Kama ile rezo inatumiwa na jeshi peke yake, basi kila mtu anayeonekana akiingia mule ni mtu wa jeshi. Siri imekufa kabla ya kuanza. Ili mtu mmoja ajifiche, inaomba wengine wengi waingie pamoja naye: mwanafunzi, mgonjwa mwenye kutafuta habari za ugonjwa wake, mwandishi wa habari, mtu wa biashara. Na kama rele zote ni za bwana mmoja, huyo bwana anaona njia nzima kutoka Likasi mpaka Mwene-Ditu. Kwa hiyo programu ilifunguliwa kwa watu wote mu mwaka 2002, Roger Dingledine na Nick Mathewson wakiifanya pamoja na Syverson. Mu 2006 lilizaliwa shirika lisilo la faida, Tor Project. Tangu hapo, rele zinashikwa na watu wa kujitolea: vyuo, mashirika madogo, mafundi mu nyumba zao. Ni elfu kadhaa mu dunia nzima, na nyingi ziko Ujerumani, Marekani na Uholanzi.

Ile njo historia ya kitunguu. Sasa yetu.

Mwezi wa kumi na mbili 2011, kisha uchaguzi, serikali ilikata SMS inchi nzima. Zilikaa zimekatwa karibu wiki tatu na nusu. Wenye kuumia zaidi ni watu ambao hatukuwafikiria: viziwi, ambao SMS njo ilikuwa simu yao. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipoandamana juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilikatwa. Mabanki na maofisi makubwa yalirudishiwa kisha siku chache, lakini intaneti ya matelefone ilikaa zaidi ya wiki mbili. Mwezi wa kumi na mbili 2016, mandat ya Rais Kabila ilipofika mwisho, makampuni yaliombwa kufunga mitandao ya kijamii. Mwezi wa nane 2017, mamlaka ya posta na telekomunikasio, ARPTC, iliomba wapunguze nguvu ili picha zisipite. Tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2017, siku moja mbele ya maandamano ya Wakatoliki, intaneti na SMS zilikatwa. Na tena mwezi wa kwanza na wa pili 2018. Kisha ikaja ile ambayo wote tunakumbuka: tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kesho yake ya kupiga kura, intaneti ilizimika, na ilirudi kama siku ishirini nyuma, wakati Mahakama ya Katiba ilikuwa inatangaza matokeo. Na mwanzo wa 2025, kipindi Goma ilianguka, X na TikTok hazikufunguka vizuri, lakini mambo mengine ya intaneti yaliendelea.

Mukitazama vizuri ile orodha, mutaona haiko kitu kimoja. Ni vyombo viwili. Kimoja ni shoka: wanakata waya, hakuna kinachopita, cha mzuri wala cha mubaya. Kile kilikuwa 2015 na 2018. Kingine ni chungio, kama lile mama anachungia bunga: hiki kinapita, hiki kinabaki juu. Kile kilikuwa 2016, 2017 kwa picha, na 2025.

Rele ni dawa ya chungio. Siku wanafunga X, wanafunga anwani ya X. Wewe unaenda ku mtu wa Likasi, ambaye anwani yake haiko ku orodha ya kufungwa, na yeye anapitisha. Bila shaka mwenye chungio anaweza kujifunza. Orodha ya rele za kawaida iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo anaweza kuifunga yote. Njo maana kuanzia 2007 watu wa Tor walianza kutengeneza "madaraja": rele za kuingilia ambazo anwani zake haziandikwi ku orodha ya wazi. Mu 2012 Etiopia ilienda mbali zaidi: mashine zao ziliangalia umbo la ujumbe wenyewe na kutambua Tor bila kujua anwani. Wajenzi wakajibu kwa kubadilisha umbo, ili ule ujumbe ufanane na kelele isiyo na maana. Vile njo mchezo umeendelea, mmoja akifunga, mwingine akizunguka.

Lakini siku ya shoka, wandugu, hakuna daraja. Daraja linavuka mto, haliumbi barabara. Ukiwa na Tor mu telefone na antena haikupi kitu, uko sawa na yule asiyekuwa nayo. Januari 2019 watu wa Goma walipata intaneti kwa kadi za SIM za Rwanda, na wa Kinshasa walitafuta signal ya Brazzaville ngambo ya mto. Hiyo ilikuwa jografia, haikuwa programu. Kampemba iko kilometa kama 90 toka Kasumbalesa. Antena ya Zambia haifiki Hewa Bora.

Na kuko jambo linaniumiza kichwa zaidi. Jirani zetu wa Uganda, mwezi wa pili 2016, siku ya uchaguzi, walifungiwa mitandao ya kijamii. Watu wengi walizunguka kwa VPN. Uchaguzi uliofuata, mwezi wa kwanza 2021, walianza tena na chungio, na mbele ya kura ikaja shoka: intaneti yote ilizimwa siku karibu tano. Inawezekana kabisa kwamba chungio likitoboka sana, mwenye nguvu anakamata shoka. Sisemi hiyo ni sababu ya kuacha kuzunguka. Nasema tusiuzie watu rele kama kitu kinachomaliza mambo.

Tuje sasa ku usalama, juu hapa njo watu wanadanganyana sana.

Mwezi wa kwanza 2014, rele 115 ziliingia mu rezo kwa pamoja. Zilionekana za kujitolea kama zingine. Kumbe wenye kuziweka walikuwa wanaweka alama ndogo ku ujumbe unaopita, ili rele yao ya mwanzo na rele yao ingine zitambuane na kuunganisha nani anatafuta nini. Ilichukua mpaka mwezi wa saba kuzigundua na kuzitupa inje, na wakati ule zilikuwa zimebeba zaidi ya asilimia 6 ya nguvu ya rele za kuingilia. Hakuna kufuli iliyovunjwa. Ni mtu mmoja alikuwa amekaa Likasi na Mwene-Ditu kwa wakati mmoja.

Kwa sisi tuliosoma agronomia, ile hesabu inajulikana. Shamba lenye mbegu ya namna moja linaonekana zuri sana, mpaka siku ugonjwa mmoja unaingia; halafu hakuna mumea unabaki. Tor nayo: rele zikiwa nyingi lakini ndani ya nyumba za kampuni tatu za Ulaya, ni shamba la mbegu moja. Kwa hiyo mwenye kushika rele mbili ao tatu anapashwa kuzitangaza kama familia moja, ili programu isipitishe ujumbe wa mtu mmoja kwa rele zake zote. Mtu akificha hiyo familia, hata kama roho yake ni nzuri, anafanya ile ile kazi ya wale wa 2014.

Kisha kuko hatari ya mwenye rele mwenyewe. Rele ya mwisho, ya Mwene-Ditu, njo inaonekana ku mlango wa mwenyewe. Mtu akifanya ubaya kupitia Tor, anwani inayoandikwa ni ya yule wa mwisho. Mu 2014 mahakama ya Graz, Austria, ilihukumu kijana aliyeshika rele kama zile. Mu 2017 mwalimu wa hesabu wa Moscow alikamatwa juu ya maandishi ambayo yalitoka ku anwani yake, na alingojea mwaka mzima mpaka mashitaka yakaondolewa. Kama mambo yalifika vile kule, mtu wa Bongonga akibishiwa mlango na watu wanaotafuta "mwenye anwani", nani ataeleza kitunguu ku ofisi? Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: rele ya mwisho haiwekwi mu nyumba ya familia. Wanaoiweka vizuri ni mashirika yenye jina, wakili, na kampuni ya mashine iliyokubali mbele.

Rele ya katikati ao daraja ni ingine. Haitokei ku mlango wa mtu. Lakini inaomba nini? Rele ya kawaida inaomba kama megabiti 10 kwa sekunde, kuingia na kutoka, na uwezo wa kupitisha gigabaiti 100 kila mwezi, usiku na muchana. Daraja linaweza kuishi na megabiti chache. Mu Kampemba tunajua hesabu: delestaji ya SNEL, mega za kununua kwa franga, na matelefone ambayo kampuni inayaweka mamia nyuma ya anwani moja, ili hakuna mtu wa inje anaweza kubisha mlango wako. Rele mpya yenyewe haiaminiwi siku ya kwanza. Rezo inaipima wiki nyingi mbele ya kuipa kazi kamili. Mashine inayozimika kila jioni haipati hiyo imani.

Mwenye kuweza kukodisha mashine kule inje, kazi yake ya usalama ni ya kila siku, haiko ya siku moja. Ile mashine ifanye rele peke yake. Isiwe na barua zako, wala picha za ndoa, wala hesabu za duka. Mlango wa kuingilia fundi ufunguliwe kwa ufunguo wa kriptografia, haiko kwa neno la siri ambalo mtu anaweza kubahatisha. Milango mingine yote ifungwe. Programu zijisasishe zenyewe, juu rele nyingi zinakufa kwa sababu mwenyewe alizisahau, haiko kwa sababu ya adui mkubwa. Uandike wazi mu mpangilio kwamba rele yako haipitishi kitu kwenda inje. Usiandike daftari ya nani alipita: daftari ambayo haiko haiwezi kunyanganywa. Ufunguo unaoitambulisha rele uweke nakala yake mahali pa usalama, juu ukiupoteza, unaanza tena imani toka sifuri. Na mwisho, weka anwani ya barua ambayo unasoma kweli, ili wakiona kosa wakuambie.

Na mwenye kuwa na telefone ao ordinatere ya kawaida tu? Kuko Snowflake, iliyoingia mu kivinjari cha Tor mu 2021. Unaiweka ku kivinjari chako, na muda umefungua, mtu aliyefungiwa mahali pengine anapita kwako kama daraja la muda mfupi, kisha anaenda ku rele zingine. Haupitishi kitu ku mlango wa mwisho. Ukifunga, daraja linaisha. Urusi ilipoanza kufunga Tor mwisho wa 2021, na Iran ilipochunga intaneti yake mu 2022, watu wengi walipita kwa njia hii.

Hapa njo naona kitu ambacho vijana wetu hawasemi. Daraja la mu Kampemba halisaidii mtu wa Kampemba. Siku chungio linawekwa huku, wewe mwenyewe uko ndani ya chungio. Unayemsaidia ni mtu wa Teheran ambaye hautamuona hata siku moja. Na atakayekusaidia wewe siku yako ni mtu wa Brussels, wa Nairobi, wa Johannesburg, na kati yao kuko wandugu zetu wengi wenye koneksio ya siku zote na umeme usiokatika. Ni likelemba: leo unatoa, hauchague siku ya kupokea. Kwa hiyo wale wa promosio zetu walio inje, muache kututumia paka video za kusikitika siku ya kukatwa. Daraja linafunguliwa miezi mbele. Na sisi wa huku, programu ipakuliwe na kujaribiwa wakati rezo iko muzuri, juu siku ya chungio hata mahali pa kupakulia panaweza kufungwa.

Bado ukweli mmoja wa kusema kwa kila tunayemfundisha. Tor inaficha unaenda wapi. Haifichi kila mara kwamba unatumia Tor. Na ukiingia mule na jina lako la kweli ku Facebook, umejitambulisha mwenyewe. Mu inchi ambapo sheria ya telekomunikasio ya 2020 na kitabu cha sheria za dijitali cha 2023 bado hazijulikani na watu wengi, mtu aliye mu hatari ya kweli hapashwi kuambiwa "uko salama" na mtu aliyejifunza jana jioni.

Na shoka je? Shoka halijibiwi kwa mashine. Linajibiwa kwa sheria. Sheria yetu ya mwezi wa kumi 2002 iliachia serikali nguvu ya kuzuia telekomunikasio juu ya usalama, na ile nguvu ilitumiwa mara nyingi kati ya zile nimehesabu hapa juu. Lakini mutazame Zimbabwe, mu siku zile zile ambazo sisi tulikuwa tumenyamazishwa. Walikata intaneti kati ya mwezi wa kwanza 2019. Wanasheria na waandishi wa habari walienda mahakamani Harare, na tarehe 21 jaji akasema waziri aliyetoa amri hakuwa na uwezo wa kuitoa. Rezo ikarudi. Mwaka uliofuata, mahakama ya jumuiya ya Afrika ya Magharibi ilisema Togo ilivunja haki za watu kwa kukata intaneti mu 2017.

Mu chama chetu hatukosi mafundi, na hatukosi wanasheria. Mafundi washike kazi ya chungio, wanasheria washike ya shoka, na hakuna mmoja adanganye watu kwamba kazi yake inatosha peke yake. Uchaguzi unaokuja hautangoja tumalize kubishana.